Mtego Niliouweka Kwenye "Run"

Dilys Probert aliificha barua yenye muhuri wa London chini ya sahani ya biskuti, nami nikamwona. Tangu Jumatatu hiyo nikaanza kumchunguza. Sioni haya kusema hivyo, maana kuchunguza ndiyo kazi inayonilisha.

Tulikuwa tumekaa tukitazamana miaka kumi na tisa, meza moja, katika nyumba ya kamusi pale Skelby, Yorkshire, juu ya duka la mchinjaji. Mimi, Thirza Raine, nilishughulikia maana za maneno. Yeye, Mwelshi wa kule Wales mwenye mdomo wake, alishughulikia visawe. Na kwa miaka mitatu sasa wote wawili tulikuwa tumezama kwenye neno moja tu: "run". Msicheke. Mtu akitimua mbio, ni "run". Pua ikitoka kamasi, "run". Soksi ikifumuka uzi, rangi ikichuja kwenye shati, mtu akigombea udiwani, akiendesha hoteli, akisafirisha pombe ya magendo, yote hayo sisi Waingereza tumelibebesha neno hilohilo masikini. Mimi nilikuwa nimefika maana ya mia mbili na kumi. Dilys kwenye "mbio" peke yake alikuwa na visawe arobaini, na kila kimoja alikipigania kama mwanawe.

Wiki hiyo ndipo wapinzani wetu wa London walipotoa kamusi yao mpya. Niliifungua palepale, kwenye "run", sikujali hata koti langu lililolowa. Maana ya sitini na moja ilisema: mchirizi wa maji unaobaki sakafuni nguo mbichi zikibebwa kwenda kuanikwa.

Damu ilinipanda kichwani. Maana hiyo haipo duniani. Niliitunga mimi!

Ndiyo desturi yetu watu wa kamusi. Kila mhariri huchomeka uongo mmoja kati ya kweli zake, na siri yake hukaa kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya droo ya Bwana Alderson, mkuu wetu. Uongo huo ukionekana kwenye kitabu cha mwingine, mwizi kanaswa. Na kamusi yetu ilikuwa haijachapwa hata ukurasa mmoja. Karatasi niliyoandikia uongo wangu ilikuwa ndani ya sanduku la viatu, juu ya meza yangu. Nani mwingine alikuwa karibu nalo?

Basi nikayakumbuka yote. Jinsi Dilys alivyozoea siku hizi kuchukua karatasi na kwenda nazo dirishani, akinipa mgongo. Jinsi alivyoziinamia mpaka pua ikakaribia kuzigusa, mkono ukizikinga. Alikuwa akinakili, nilisema moyoni. Mjinga mimi, nilikuwa nikimpikia chai.

"Barua ya London imekuja na habari gani, mwenzangu?" nilimuuliza.

"Habari za London."

"Una watu huko?"

"Nina shangazi, ana paka, paka ana viroboto. Uandike maana yake?" Akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaibana barua.

"Mbona unaificha?"

"Thirza, bibi wee, wewe ni mwenzangu au askari?"

Alasiri hiyohiyo nikaenda kwa Bwana Alderson, nikamweleza yote, na barua pia. Alifungua bahasha yangu, akalinganisha na kitabu cha London, akamwita Dilys. Akamwambia aonyeshe barua. Dilys alikataa. Alisimama pale, amekaza midomo, akinitazama mimi badala ya mkuu.

"Umebakiza miaka miwili ustaafu, Bi Probert," Bwana Alderson alisema. "Nikithibitisha jambo hili, utatoka hapa mikono mitupu."

"Thibitisha," Dilys akasema, akachukua mwavuli wake, akaenda nyumbani.

Nilifurahi? Nilifurahi, tena sana. Nikawaandikia wale wa London barua kali, nikiwataka waseme maana ile waliitoa wapi. Nilitaka jina la Dilys liwe mbele ya macho yangu.

Jibu lilikuja siku ya tisa. Lilikuwa na picha ya karatasi kuukuu, mwandiko wa mwalimu fulani aliyekuwa akizunguka mabondeni kwetu akikusanya maneno ya watu. Chini ya maana ileile aliandika: "Limesikika kwa Bi Bessie Raine, dobi, Machi 1931. Alimwambia bintiye, wa miaka tisa hivi: Futa hiyo 'run' kabla baba yako hajateleza."

Bessie Raine ni mama yangu. Binti ni mimi.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Niliisikia sauti yake kabisa, na baridi ya ile sakafu ya mawe magotini, na kitambaa mkononi. Nilidhani nimetunga, kumbe nimekumbuka. Hakuna aliyeniibia kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nilimpelekea Bwana Alderson picha ile. Aliisoma, akashusha pumzi.

"Si mwizi, basi," akasema. "Lakini jana mwenyewe ameniletea ile barua ya London. Ni ya hospitali ya macho. Haoni vizuri mwaka wa pili sasa, na hatapona. Alificha kwa sababu alijua nitamwondoa. Na nitamfanyaje, Bi Thirza? Mhariri asiyeona karatasi?"

Kumbe dirishani alikuwa akifuata mwanga. Sanduku langu, ng'ambo ya meza, asingeweza kulisoma hata angetaka. Siri aliyoilinda miaka miwili, mimi ndiye niliyemnyang'anya.

"Nitamsomea mimi," nikasema.

"Karatasi zote?"

"Zote. Visawe anavyo kichwani. Na ukimwondoa, mzee, naondoka naye, sanduku la 'run' ulimalize mwenyewe."

Alinirudishia ile picha. "Kamuulize kama atakubali kukaa nawe," akasema. "Mimi nisingekubali."

Dilys alinifungulia mlango, akasimama palepale. Hakunikaribisha ndani. Mvua ilikuwa ikininyeshea, na nilistahili.

"Nimekosa," nilisema. "Sikukuuliza kwa wema. Nilikushtaki, na haikuwa kweli."

"Umeleta nini hicho mkononi?"

"Karatasi ya London."

"Isome."

Nikaisoma. Nilipofika kwenye jina la mama nililisoma mara mbili. Nikamweleza na lile la kumsomea karatasi, na kwamba mkuu amekubali endapo yeye mwenyewe atakubali.

"Kila siku?" akauliza. "Mpaka nistaafu?"

"Kila siku."

"Na utanisomea kilichoandikwa, Thirza? Si kile unachokidhani?"

Niliitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka haoni vizuri.

"Ndiyo," nikasema kwa sauti.

Alisogea kidogo mlangoni. "Vua viatu," akasema. "Sitaki 'run' kwenye sakafu yangu."