Pengo la Mstari wa Pili

Saa nne asubuhi wafanyakazi wa kiwanda cha nguo walijipanga uani kwa picha ya mwaka, mistari mitatu, meneja katikati ya mstari wa mbele. Katika mstari wa pili paliachwa pengo la upana wa mabega. Mpiga picha, ambaye kila mtu alimwita Fundi, aliinua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Mama, sogea kushoto. Hapo ng'ombe anapita."

"Hapa pana mtu," alijibu mama wa mashine ya tatu, na hakusogea.

"Haya. Mwambie asipepese macho."

Pengo lilikuwa la mwanamke wa mashine ya nne, ambayo ilimvuta mkono, kisha yeye mzima, miezi minane iliyopita. Kiwanda kilisema hakijawahi kuwa na mfanyakazi huyo. Kwa miaka kumi na moja aliingia kwa mlango wa nyuma kama kibarua, na vibarua hawaandikwi. Binti yake alikuwa ameshapeleka barua tatu akiomba jina la mama yake liingizwe kwenye orodha ya wafanyakazi. Hakuomba kingine.

Fundi alipiga filamu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kasi, inayonasa picha upesi, yenye chenga kama mchanga. Kwenye hiyo pengo lilitoka pengo, na meneja alitoka amefumba macho. Ya pili ilikuwa ya polepole, laini, inayopenda mtu anayetulia. Pale uani hakuna aliyetulia kuliko yule mwanamke, kwa hiyo alitoka vizuri: kitambaa kichwani, kibunda cha uzi mkononi.

Meneja alikuja studio kuangalia.

"Huyu hatumjui. Mtoe."

"Ipo ile ya kasi. Yeye hayumo, ila wewe umelala."

Meneja aliitazama ile ya kasi kwa muda. "Jaribu ile ya pili kwenye karatasi nyingine," alisema.

Fundi alijaribu, maana hata yeye alitaka kuona. Kwenye karatasi laini, yenye kijivu cha kila namna, mwanamke alitabasamu. Kwenye ngumu, ya weusi na weupe mtupu, lilionekana kovu la kidole chake. Fundi akageukia dawa ya kusafishia. Alipoizimua kwa maji mengi, mwanamke alitokea kwenye beseni kabla ya ukuta na kabla ya anga, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja kama wanaoitwa. Alipoiacha kali na kuipasha moto kidogo, mwanamke alikuwa amehamia mstari wa mbele, mkono wake begani mwa meneja. Fundi aliandika daftarini: "Dawa kali, ya moto, dakika moja na nusu: anasogea."

Binti alipokuja, picha zilikuwa zinaning'inia kwenye kamba, zinadondosha maji. Aliishika ile ya karatasi ngumu kwa ncha za vidole.

"Amekonda."

"Ni karatasi hiyo, mdogo wangu. Inamkondesha kila mtu. Tazama hii laini."

Binti alitazama. "Ee. Huyu ndiye."

Meneja naye alichagua ile laini, kwa kuwa macho yake yalikuwa wazi na mwanamke yuko mbali naye. Ikatundikwa mapokezi. Chini yake yakapigwa chapa majina, mstari kwa mstari. Mstari wa pili una nyuso kumi na moja na majina kumi. Wageni huisoma wakisubiri kuitwa, kisha huitwa. Mashine ya nne imepata kibarua mpya, naye huingia kwa mlango wa nyuma.

Wiki iliyofuata Fundi aliitwa ofisini.

"Andika mstari mmoja tu," meneja alisema. "Kwamba ulikosea dawa, ndiyo maana akatokea mtu asiyehusika. Yule binti kaleta barua ya nne, kaiambatisha picha yako."

"Dawa ilikuwa sawa."

"Basi omba radhi kwa mdomo, Fundi, yaishe."

Fundi alipachika mkoba wa kamera begani.

"Filamu niliichagua mimi, dawa mimi, karatasi ulichagua wewe. Siombi radhi."