Kaburi Lililoachwa Wazi

Lugano alikufa siku ya Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, akiwa ameshavaa shati la kwendea ofisini na anafunga kamba za viatu. Mkewe, Kisa, alisikia kishindo akiwa jikoni. Alidhani ni gunia la mpunga limeanguka, akaendelea kukoroga uji. Hilo ndilo lililomkaa moyoni kuliko yote, kwamba aliendelea kukoroga.

Mfukoni mwa shati mlikuwa na barua ya pingamizi. Lugano alikuwa katibu wa kamati ya mtaa wao, hapo Bondeni, Kyela mjini. Mchoro mpya wa mji ulikuwa umeweka dampo la taka nyuma ya nyumba zao, kwenye majaruba ya mpunga, hatua mia mbili tu kutoka kwenye visima wanamochota maji ya kunywa. Wananchi walipewa siku thelathini za kupinga. Zilikuwa zimebaki nne.

Afisa mipango miji, Philemon, aliyehamishiwa Kyela kutoka Dodoma, hakuwa mtu mbaya. Kila Lugano alipokwenda alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamfungulia ripoti ileile.

"Mzee Lugano, wapimaji walichimba. Maji yako mita nne chini."

"Walichimba Oktoba. Oktoba hata chura wa Bondeni huenda kuomba maji kwa jirani."

"Sasa niandike chura kasema?"

Mwezi Machi, mvua ziliposhika, kamati ikachimba shimo lake, likajaa maji. Philemon akalitazama akatikisa kichwa. Shimo lililochimbwa na wanaopinga, alisema, wakubwa wake watauliza ni nani aliyelijaza kwa ndoo.

Jumanne asubuhi vijana walichimba kaburi migombani, kando ya nyumba, maana kwao mtu huzikwa nyumbani kwake. Kisa alikuwa ndani, mkekani, katikati ya wanawake. Hezroni, mdogo wake Lugano, akaja dirishani akiwa na matope hadi mapajani.

"Shemeji, kuna maji. Hatujafika hata kiunoni. Tunayakomba, yanarudi. Wazee wanasema tufukie, tuchimbe kule juu karibu na jiko, kuna mwinuko."

Hakuna aliyeshangaa. Kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Likishindikana hukatwa mgomba, ukalazwa ndani yake, likafukiwa siku hiyohiyo. Likilala wazi, litaita mwingine.

Kisa aliinuka, akasogea dirishani. "Msilifukie," akasema. "Mwiteni yule afisa."

"Umesemaje?" Mama Tusekile, mama mzazi wa Lugano, aligeuka. Alikuwa akiishi nao hapo tangu alipofiwa na mumewe.

"Mama, hiki ndicho kipimo alichokuwa anakitafuta. Nani atasema tumemwagia maji kaburi la mtu wetu?"

"Kipimo! Mwanangu hajazikwa, wewe unapima?"

Hezroni alikuwa ameshapiga simu. Philemon alikuwa Mbeya kikaoni, angerudi kesho asubuhi. Hezroni akaenda kwa wazee, akarudi na jibu, akilitoa kwa shida.

"Wamesema sawa, lakini hawamziki mtu kwenye kiwanja chenye kaburi lililo wazi. Tukiliacha, anapelekwa Matema, alikozikwa baba, leo hii. Shemeji, uamuzi ni wako."

Kisa alitazama mlango. Kutoka mlangoni hadi jikoni ni hatua kumi na mbili. Angekuwa naye hapo, akichuma majani ya maboga anamsalimu. Matema ni safari ya gari, tena masika barabara haina uhakika.

"Apelekwe Matema," akasema.

"Basi mimi nakwenda naye," alisema Mama Tusekile, "na usinifuate kuniita."

Wakamzika alasiri ileile, chini ya mlima, kwenye udongo mkavu. Kisa akarudi Bondeni na waombolezaji jioni. Mama Tusekile alibaki.

Jumatano saa mbili Philemon alifika, amevaa mabuti, na utepe wa kupimia mkononi. Alitoa pole kwanza, akakaa kidogo na wanaume, ndipo akapelekwa migombani. Kutoka ukingoni hadi kwenye maji ilikuwa sentimeta hamsini na nane.

"Onja, bwana afisa," alisema jirani yao Dickson, "usije ukaandika tumetia chumvi."

"Mzee, niache," Philemon alisema polepole. Alipima tena. Kisha akamwuliza Kisa, "Na marehemu yuko wapi?"

"Matema."

"Kwa sababu ya hili?"

"Ndiyo."

Akavua kofia. Kisa akampa barua, imekunjika vilevile ilivyotoka mfukoni. Philemon aliandika kipimo pembeni mwa sahihi ya Lugano, akatia tarehe, akasaini.

"Ndaga," Kisa alimshukuru. Vijana wakakata mgomba, wakaulaza shimoni, wakafukia.

Mchoro ulirudishwa mwezi Juni. Majaruba sasa yameandikwa ardhi oevu, hairuhusiwi kujengwa wala kutupwa taka. Dampo bado linatafutiwa mahali, na kamati haijavunjwa, maana watu wa huko litakakopelekwa nao watakuwa na visima. Katibu wake sasa ni Kisa.

Mama Tusekile anaishi Matema, kwenye nyumba ya ukoo, karibu na kaburi. Kisa humpelekea mchele kila mwisho wa mwezi. Mama huupokea, humkaribisha kiti, na hamsemeshi.