Paka Aliyeitwa Mwenyekiti

Mimi nimestaafu posta, na gitaa la besi nimejifundisha mwenyewe bila mwalimu. Kwa hiyo nikikwambia Devota aliimba hadi mbwa wa mtaa wetu wote wa Bombambili wakakaa chini kama waumini, niamini. Au usiamini, ila sikiliza.

Devota ni binti wa jirani yangu, marehemu Mama Devota. Huko Dar es Salaam anaimba jazi kwenye mahoteli makubwa. Alirudi baada ya mazishi na jambo lililoonekana wazimu: albamu nzima ya nyimbo za paka. Studio yetu ilikuwa stoo ya mama yake, maana magunia ya mahindi yakipangwa ukutani humeza mwangwi wote. Muhsini, fundi mitambo kutoka Tunduru, alilaza nyaya zake juu ya magunia, nami nikasimama pembeni na besi.

Nyimbo zilitiririka. Kuna ya paka wa bucha, mnene kiasi kwamba mlangoni hupita kwa zamu, kichwa leo, mkia kesho. Kuna ya paka wa Peramiho asiyegusa panya Jumapili mpaka misa iishe. Ukabaki wimbo wa Mwenyekiti.

Huyu alikuwa paka wa marehemu. Tangu mazishi alipanda darini, hashuki, halii. Chakula tulimpelekea kwa ngazi.

Devota akauanza wimbo wake, akafika katikati, sauti ikakatika. Akarudia, ikakatika palepale.

"Kuna nini, mwanangu?" nikauliza.

"Hapa ndipo mama anapomwita Mwenyekiti, Baba Mdogo. Alikuwa na namna yake, karibu kuimba. Nimekaa mbali, nimeisahau." Akakaa kwenye gunia. "Mtu anasahauje sauti ya mama yake?"

Nikajaribu kumwigizia. Kuku wawili wakatoka mbio.

"Tuache nafasi hiyo, tupige ala tu," Muhsini akasema taratibu. "Basi langu linaondoka alasiri."

"Bila wimbo huu albamu siitoi. Hizo nyingine zote nimeziimba ili niufikie huu."

Ndipo tukasikia kelele uani.

"Nyie Wangoni! Mlitembea kutoka kusini mkipiga kila mtu, leo mmeshindwa na paka?"

Alikuwa Getruda, Mbena wa Madaba, mtani wa marehemu. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa hospitali, kwa hiyo tulizika bila mtani, bila mtu wa kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza tucheke katikati ya kilio.

"Umechelewa, mla viazi," nikamwambia. "Msiba umekwisha."

"Umekwisha kwa nani? Kazi yangu bado. Nipeni kanga yake."

Haki ya mtani haikataliwi. Akajifunga kanga, akashika kiuno, akatembea uani, mbele ya mlango wa stoo, kwa ule mwendo wa marehemu wa kuchechemea, nami besi nusura linidondoke. Kimo hawakulingana, sura hawakufanana, lakini aliyekuwa anatembea pale ni Mama Devota. Akagonga mfuniko wa sufuria mara mbili, akainua kidevu.

"Mwenyekiii-tii weee! Kikao kimeanzaaa, wajumbe wana njaaa!"

Sauti ilipanda, ikayumba, ikashuka kama ndege anayetafuta tawi. Juu darini kitu kikakwaruza. Mwenyekiti akashuka polepole, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu, akanusa pindo la kanga, akalia.

Devota alisimama. Hakunipa ishara yoyote. Aliuchukua mwito ule hewani kabla haujaisha, akaupeleka mahali ambapo vidole vyangu havikujua njia. Nikafuata hivyohivyo, kama kipofu aliyeshikwa mkono. Paka akalia, yeye akamjibu. Juu ya ukuta wa ua nikaona paka mmoja, halafu ukuta wote ukawa paka, wa bucha akiwa mbele. Nje mbwa wakakaa chini mmoja mmoja; mwendesha bodaboda alizima pikipiki barabarani, akavua kofia ngumu.

"Subhanallah," Muhsini akanong'ona, machozi yakimlowesha ndevu.

Wimbo ukaisha. Getruda alikuwa bado ndani ya kanga. Devota akamwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

Mbena yule asiyekosa neno akamwekea mkono kichwani. Kisha akaitika kwa sauti ya marehemu, bila utani hata chembe:

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Muhsini hakuwa amezima mashine. Nalo hilo limo kwenye albamu.