Moshi wa Ukurasa wa Tisini na Mbili

Jumanne, saa nne kasorobo, Bibi Mhuri alikuwa darasani mwa Kidato cha Nne akipaka gundi mgongo wa kamusi, alipoona moshi ukitoka kwenye riwaya yao. Alimaliza kamusi kwanza, maana gundi haingoji mtu. Kisha akaifungua riwaya ukurasa wa tisini na mbili, pale watoto kumi na mmoja waliosahauliwa kisiwani na walimu wao wanapowasha moto ili waonekane, akakuta wameuwasha kweli. Ulikuwa moto mdogo wa kuenea kwenye bilauri, na haukuunguza hata herufi moja.

"Kitabu kinafuka," alimwambia kiranja wa darasa.

"Tangu Ijumaa, Bibi. Kinakausha soksi vizuri sana."

Kidato cha Nne hakikuwa na mwalimu wa fasihi. Aliyekuwapo alikwenda semina ya siku tatu mwanzoni mwa mwaka, semina ikamnogea. Bibi Mhuri, mkutubi ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupanga vitabu na kuvigonga mihuri, alikuwa amepeleka barua saba ofisi ya elimu. Ofisi yenyewe iko ng'ambo ya barabara. Upepo ukiwa mzuri, ukipiga chafya huku wanakuombea afya kule. Jibu alilopata ni kimya kama maji mtungini. Mtihani ulibaki wiki tano, na swali la kwanza kila mwaka ni lile lile: eleza nafasi ya moto katika riwaya. Bibi aliogopa. Hakujaaliwa kuzaa, lakini hawa thelathini na wawili aliwahesabu wake, tangu siku alipowaandikia kadi za maktaba.

Kwa hiyo hakujisumbua kuuliza moshi umetoka wapi. Alifungua dirisha linalotazama ofisi, akakiegesha kitabu pale ukingoni.

"Pepeeni, wanangu. Barua hawasomi, labda moshi watausoma."

Wakapepea kwa madaftari. Hazikupita dakika ishirini, maafisa wawili wakavuka barabara mbio, mnene ameshika ndoo nyekundu ya mchanga, mwembamba ameshika fomu. Bibi Mhuri alikuwa hajawahi kuona mtu wa ofisi ile akivuka barabara.

"Palipo na moshi hapakosi moto, mama," alisema mnene, akitweta.

"Wala watoto hapakosi. Hawa hapa thelathini na wawili, hawana mwalimu. Humo ndani wamo kumi na mmoja, nao hawana."

Mwembamba akafungua kalamu. "Chanzo cha moto?"

"Ukurasa wa tisini na mbili."

Akaandika. "Mali iliyoungua?"

"Hakuna."

"Majeruhi?"

"Hakuna majeruhi, baba. Kuna wanaongoja."

Mwembamba aliipitia fomu kutoka juu mpaka chini, kwa nia njema kabisa, akaigeuza hata nyuma. "Wanaongoja hawaulizwi humu," akasema, akasaini.

Mnene alimimina mchanga ukurasani. Watoto wa kisiwani wakakohoa. Mdogo wao wa mwisho akaipungia mkono ile ndoo, akidhani ni meli. Mnene naye akampungia, kwani alikuwa mtu mwenye adabu zake, kisha wakarudi ofisini kunywa chai.

Alasiri ile ile ikaja barua, ya kwanza mwaka huo. Iliagiza kila darasa liwe na ndoo ya mchanga. Bibi Mhuri aliigonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwa hasira hata kikombe kikaanguka mezani.

"Sasa, Bibi," kiranja akauliza, "tukiulizwa nafasi ya moto, tuandike nini?"

"Andikeni mlichokiona."

Akakikung'uta kitabu taratibu, asimwangushe mtoto wa mtu. Kabla ya kukifunga alitia katikati kipande cha gazeti kuukuu na kiberiti kizima, akakirudisha ukingoni mwa dirisha, akaenda zake nyumbani.

Asubuhi kiberiti kilikuwa kimepungua njiti tatu. Moshi ulitoka mzito, mweusi, ukanyooka moja kwa moja mpaka ng'ambo ya barabara. Darasa zima lilisimama dirishani na madaftari mkononi, na Bibi Mhuri katikati yao. Kule ofisi ya elimu mtu alichungulia, akawatazama kitambo. Kisha wakaanza kufunga madirisha, moja baada ya jingine, kuanzia ghorofa ya juu.