Slabu ya Mlango wa Mbah Paikem

Mwaka huu nilitaka kichochoro chetu kishinde, na nilitaka kishinde kwa mikono yangu.

Kila Agosti, mwezi wa uhuru wetu, mitaa ya jiji letu la Surabaya hupakwa rangi na kutundikwa bendera, kisha waamuzi hupita wakitazama. Minara miwili ya ghorofa imetukalia mgongoni. Siku hizi jua linatufikia saa nne asubuhi, na saa nane limeshaondoka. Majirani kumi na mmoja wameuza na kuhama. Nikasema, hao wa juu wachungulie madirishani waone kwamba huku chini si jaa la taka. Mimi ndiye mwenyekiti wa vijana. Niliwapigia watu kelele mpaka wakashika brashi.

Kwetu mwenye pikipiki hushuka penye mdomo wa kichochoro, huzima injini, na husukuma hadi kwake. Kibao cha kumkumbusha kilikuwa kimeoza. Nikakiandika upya, kwa ubeti wangu mwenyewe:

*Shuka chini, zima moto, sukuma kwa nguvu zako;*
*hapa wacheza watoto, apita na bibi yako.*

Kisha vyungu vya maua. Vilikuwa vimezagaa, mrihani mbele ya mlango huu, mkadi mbele ya ule. Nikavikusanya vyote nikavipanga safu moja, vimenyooka kama askari. Na ile slabu ya mtaro mbele ya nyumba ya bibi kizee wetu, Mbah Paikem, iliyolia *ko-tok* kila ukiikanyaga, niliibana kwa saruji. Miaka ishirini inalia na hakuna mwanamume aliyeigusa. Mimi niliinyamazisha kwa nusu saa.

Bibi yangu, Mbah Lasmi, ndiye aliyenilea. Presha ya macho ilimpofusha miaka mitano iliyopita, lakini kila alasiri alitoka peke yake kwenda kwa Mbah Paikem, milango kumi na minane kutoka kwetu. Mbah Paikem amepooza upande mmoja, hatoki. Basi bibi humfuata yeye. Wanakunywa chai, wanakula ndizi za kukaanga, wanawasengenya wazima na wafu.

Tangu tumalize kupaka rangi, bibi hakutoka tena. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Miguu imechoka," alisema.

Nikamkanda kwa mafuta ya karafuu. "Nikupeleke mimi, basi?"

"Nikokotwe kama mbuzi wa Idi? Niache."

Wiki mbili zikapita hivyo.

Siku moja kabla ya waamuzi kuja, nilimkuta Rengganis kwenye kigoda chake. Huyu ni msanifu wa mitaa, aliyetumwa na mji kutuuliza tunavyoishi kabla hawajamwaga zege lolote. Tangu Juni alikuwa akija, anakaa kutwa akichora pale watu wanapokaa, wanaposimama, wanapoegemea.

"Dada, unachora watu waliokaa," nikamwambia. "Na hilo ulisomea?"

"Miaka sita."

"Pole."

Akacheka, akanigeuzia karatasi. "Tazama. Juni kulikuwa na mstari huu, kila alasiri, toka mlangoni kwenu hadi kule. Sasa haupo. Kuna mtu amefariki?"

"Ni bibi yangu. Miguu inamsumbua."

"Miguu? Asubuhi, kupitia mlango wenu, nimemwona akienda bafuni. Anatembea kunishinda mimi." Akatazama kibao changu. "'Apita na bibi yako.' Anapita saa ngapi, mshairi?"

Damu ilinipanda. Nikaingia ndani.

"Mbah, niambie kweli. Ni miguu?"

"Nilitoka siku ile rangi ilipokauka," akasema. "Nikautafuta mrihani wa jirani Wartini, sikusikia harufu yake. Mkadi haupo. Nikasema si kitu, slabu itaniambia. Nikaenda, nikaenda, haikulia. Kumbe nimefika barabarani, nimeshika kioo cha gari. Mtu akanirudisha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, mjukuu wangu. Tangu baba yako afe sijakusikia ukiimba asubuhi."

Nilitoka na mtarimbo.

"Wira, umerogwa?" vijana wenzangu wakapiga kelele. "Waamuzi ni kesho!"

"Waje wahukumu vumbi!"

Saruji yangu ilikuwa nzuri, ilaaniwe. Nilipiga mpaka viganja vikachubuka. Rengganis alivua viatu, akaja kushika upande wa pili. Huku nyuma, nilipoagiza vyungu virudi milangoni, vilizua vita, maana hakuna aliyekumbuka kipi cha nani.

"Mkadi huo wangu, mwizi wewe!"

"Wako ulikufa mwaka jana kwa uvivu wako!"

Bibi akasimama mlangoni, akawakata kauli. "Mrihani kwa Wartini. Mkadi kwa fundi saa. Mchaichai mlango wa tisa, penye ngazi mbovu. Mnaishi hapa, na macho yenu ni ya kazi gani?"

Walicheka, wakabeba.

Slabu iliachia alasiri, ikavunjika pembe. Nikaikanyaga: *ko-tok*. Nikarudi mbio kwa bibi, nikamnyooshea mkono.

Akaupiga kofi. "Usinifuate."

Nikabaki mlangoni. Alikwenda taratibu, akainama kidogo kwa Wartini, akanusa, akaendelea. Penye mlango wa tisa alisimama. Nikauma mdomo nisimwite. Akagusa mchaichai, akapita.

*Ko-tok.*

"Shoga!" sauti ya Mbah Paikem ikatoka ndani. "Wiki mbili! Nilidhani umekufa na hawakunialika!"

"Ungekuja kula tu, mlafi wewe. Maji yamechemka?"

Kesho yake waamuzi walipita. Mmoja alikanyaga slabu, akaruka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Sikumwuliza ni nini.