Kaburi la Ukurasa wa Sitini na Moja

Usiku wa jana, nikiwa nimelalia insha niliyotakiwa kuiwasilisha saa nne asubuhi, niliota kwamba nimo ndani ya kitabu ninachokichambua.

Ni riwaya fupi ya kale, iliyoandikwa na Mzungu aliyesafiri kutoka pwani hadi bara kuitafuta nafsi yake. Katika kurasa mia na nne, wapagazi arobaini wanambebea mizigo, na hakuna hata mmoja anayefungua kinywa. Insha yangu ilihusu ukoloni na mawasiliano. Nilikuwa nimeandika, kwa uchungu wa kweli, kwamba watu wale hawana sauti.

Ni saa sita mchana, ukurasa wa sitini na moja. Watu hawana vivuli, kwa kuwa mwandishi hakuvitaja. Mbele yangu kuna kaburi lililochimbwa sasa hivi, na kando yake amesimama mpagazi, sanduku la bati kichwani, akisubiri kuzikwa. Amekwisha kufa tangu aya iliyotangulia, lakini hakuna aliyemwambia autue mzigo.

Msimulizi wa kitabu, yule Mzungu mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha kukunja, kalamu mkononi.

"Sanduku lina nini?" nikamwuliza.

"Mazungumzo," akajibu kwa upole. "Mazungumzo yote ya kitabu yamo humo. Mtu akitaka kusema, nafungua kwa ufunguo, namtolea sentensi. Wapagazi hawakupangiwa."

"Lakini wao ndio wanaolibeba."

"Bila shaka. Ni zito."

Akanionyesha sentensi aliyokuwa akiiandika. Ilisema: *Siku hiyo tulimzika mmoja wa wapagazi, tukaendelea na safari.* Ilibaki nukta tu.

Nukta yenyewe ilikuwa inakuja. Ilikuwa nyeusi, ya mviringo, kubwa kama jiwe la kusagia, na ilikuwa ikibingirika taratibu kuelekea kaburini.

"Samahani, dada, nipishe," ikasema. "Nikishatua hapa, habari ya mtu huyu imekwisha."

"Anaitwa nani?" nikamwuliza msimulizi.

"Sina jina lake."

"Ulisafiri naye kwa muda gani?"

"Miezi mitatu."

"Kwetu mtu hafukiwi bila jina, bwana. Litaje kwanza."

"Binti, siwezi kutaja nisichokijua. Ni Mnyamwezi. Hilo tu ndilo nililo nalo."

Nikamtazama yule mpagazi. Midomo yake ilikuwa imefungwa, lakini macho yake yalikuwa yanaifuata nukta, hatua kwa hatua, kama mtu anayetazama moto ukiisogelea nyumba yake.

Mimi ni Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani akifariki, tunakwenda msibani kuvuruga: tunamwigiza marehemu, tunaingia kaburini kabla yake, na hatutoki mpaka tusikilizwe. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika, wala hakuna anayeruhusiwa kunyamaza.

Nikavua viatu, nikavipanga vizuri, nikashuka kaburini na kulala chali.

"Hii si desturi," akasema msimulizi.

"Si desturi yako," nikamjibu. Kisha nikapaza sauti. "Nyie Wanyamwezi! Hata mkifa hamtui mzigo? Mtu ameshakata roho na sanduku bado liko kichwani! Au unaogopa ukilitua utagundua huna shingo?"

Nukta ilikuwa imefika ukingoni. Chembe za udongo zikaniangukia usoni.

"Na kaburi lenyewe dogo!" nikaendelea. "Au mlilipima kwa ukubwa wa akili zenu?"

Sanduku likadondoka kwa kishindo. Likafunguka, na sentensi zikamwagika mchangani. Nyingi zilihusu hali ya hewa.

"Hebu mtazameni Mzaramo huyu!" akasema mpagazi. Sauti yake ilikuwa nzito na yenye kicheko ndani yake. "Ametafuta mahali pa kulala mchana, nchi nzima asipaone, mpaka akachagua kaburi la mwenzake! Na ngoma ikilia huko kwenu sasa hivi, atatoka mbio na sanda yangu!"

Msimulizi akasimama. "Amezungumzaje? Ufunguo ninao mimi."

"Ufunguo wa nini? Toka Bagamoyo mpaka hapa sijanyamaza," akasema mpagazi. "Nimeimba. Nimekutukana mbele yako, ukatikisa kichwa ukidhani nakuombea dua. Nilikuambia maji ya kisima kile ni mabaya, ukaandika kwamba nyika ilikuwa kimya. Tukapiga kambi pale pale, nikayanywa, nikafa."

Kisha akainama ukingoni na kunitazama.

"Ndiye wewe uliyeandika kwamba sina sauti?"

"Ndiyo, mtani."

"Huyu hakusikiliza, akaandika kimya. Wewe umekisoma kimya chake, ukakiamini. Na shule umekwenda!"

Nikaona aibu kubwa, aibu ya mtu aliyelala chali.

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wewe ni mtani wangu. Lala vizuri, usitoke."

Nukta ikakohoa. "Mimi siwezi kutua," ikamwambia msimulizi. "Mtu anazungumza."

"Tua pembeni yake."

"Haiwezekani, bwana. Hata mimi nina kazi yangu na heshima yake."

Msimulizi akatazama ukurasa wa sitini na mbili, ambako alitarajiwa kuona mlima na kulia. Wapagazi thelathini na tisa walikuwa wameketi chini, mizigo imetuliwa. Hapakuwa na namna ya kusonga mbele. Akaichovya kalamu kwenye wino.

"Jina lako nani?" akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuuliza.

Mpagazi akajinyoosha. Hakuharakisha.

"Mihambo, mwana wa Kasanda, wa Unyanyembe. Kiongozi wa msafara huu. Njia zote ulizoandika kwamba umezigundua, nilikuwa natangulia mbele yako. Andika."

Msimulizi akaandika. Mistari ilipojaa akaanza kuandika pambizoni. Mimi nilikuwa nimelala pale chini, udongo kinywani, na sijawahi kujisikia mrefu kiasi kile.

Nilipofungua macho, kulikuwa kumekucha. Mwenzangu wa chumba, Anyisile, alikuwa ameketi kitandani kwake na blanketi limefika kidevuni.

"Mwanamvua, umeamka? Wewe dada huna haya," akasema. "Kugombana ndotoni nimekuzoea. Lakini mwanaume umemwingiza saa ngapi? Mlezi wa bweni akijua, tunafukuzwa wote wawili."

"Mwanaume gani?"

"Usinifanye mtoto. Aliyekuwa anakujibu. Sikumwona, lakini alijitambulisha kabisa: Mihambo, mwana wa Kasanda, wa Unyanyembe. Jina hilo alilitaja mara mbili."

"Mara mbili?"

"Mara mbili," akasema Anyisile, akiinama kuchungulia chini ya kitanda changu. "Ya pili alikuwa anacheka."