Samahani Zisizokatizwa

Mwalimu Nirina alitangaza mbele ya darasa zima kwamba nina vipaji viwili, mawasiliano na uongozi, na kwamba anamwomba Mungu aniongezee cha tatu, yaani haya. Alikuwa amenikuta bwenini nimesimama juu ya kitanda, shuka begani, nikiongoza mazishi ya mende.

Yalikuwa mazishi ya heshima. Kwetu Ambositra, hapa Madagaska, hakuna anayehutubia watu kabla ya kuomba radhi: kwamba yeye ni mdogo tu, kwamba wapo wanaostahili kusema kuliko yeye, kwamba lawama ya kusema isimwangukie yeye wala wanaomsikiliza. Mimi niliomba radhi kwa kunguni, kwa wali ulioungua, kwa soksi za Fetra, mpaka bweni likaanza kuzomea. Hapo ndipo Rindra, aliyelala kitanda cha chini ya changu, alipoinua kichwa na kunijibu kwa sauti nzito ya msemaji wa wenyeji:

"Lawama imeondoka. Sema, mwanangu, maiti ananuka!"

Hotuba zetu zina pande mbili. Msemaji asiye na wa kumjibu ni mtu anayebwabwaja peke yake.

Likizo ya Pasaka Rindra alikwenda kwao na homa kidogo. Homa ikamchukua.

Darasa letu lilikwenda kuhani. Mlangoni, Fetra, ambaye ndiye kiranja, akanisukuma mbele.

"Sema wewe, Tsilavina."

"Kiranja nani hapa? Kaongoze, bwana."

"Nikifungua mdomo nitalia. Wewe hata mende umemzika vizuri."

Nikamgeukia Mwalimu Nirina aniokoe. Hakuniokoa.

"Tukiingia bila msemaji, mama yake atadhani mwanawe alisoma na watu wasiomjali," alisema. "Nenda, mwanangu. Tafadhali."

Nikaenda.

Watu wazima walikuwa wamekaa wakiegemea kuta. Rindra alilazwa upande wa mashariki, amefungwa katika sanda ya hariri, na mama yake alikuwa miguuni pake. Mjomba Razafy, msemaji wa wenyeji, alisimama kutupokea.

Nikaanza kuomba radhi. Maneno yalikuwa yale yale ya mende. Sikuwa na mengine. Niliomba radhi kwa wazee, kwa wajomba, kwa majirani, kwa waliokuwa safarini. Nilijua kinachofuata baada ya radhi: ni jina lake, na kusema kwamba amekufa. Kwa hiyo nikaendelea kuomba radhi. Nikaomba radhi kwa waliopika. Fetra akanikanyaga mguu. Nikaomba radhi kwa Fetra.

Mjomba Razafy alisubiri. Mwenyeji mwenye adabu hamkatizi mgeni anayejishusha. Angesubiri mpaka jioni, na mimi ningeendelea mpaka jioni, huku sikio langu likitega upande wa chini, pale pale lilipozoea kutega.

"Tunaomba radhi pia kwa jua kali lililotuchelewesha," nikasema. Nje mvua ilikuwa ikinyesha.

Hakuna aliyecheka. Mjomba Razafy alitazama miguu yake.

Ndipo mama yake Rindra, ambaye katika hotuba ya namna ile hakutarajiwa kusema neno, akasema bila kuinua kichwa:

"Lawama imeondoka. Sema, mwanangu."

Nikamtazama.

"Kila likizo alikuwa akifanya mazoezi hapa, anaitoa sauti nzito mpaka anakohoa," akasema. "Nikimuuliza anamjibu nani, anacheka tu. Kumbe ni wewe. Sema, baba. Umeshasamehewa."

Nikasema. "Tumekuja kwa ajili ya Rindra. Amekufa, na sisi tulikuwa tunampenda." Sikuwa na zaidi ya hayo. Katika mji wetu haijapata kutolewa hotuba fupi kuliko ile.

Mjomba Razafy alitujibu kwa muda mrefu na kwa heshima zote, kama inavyotakiwa. Nilisikiliza kila neno. Sauti yake ni nzito kweli, haihitaji mazoezi.

Siku hizi bwenini siziki kitu. Mende wanajifia tu.